Tuyajue Mabomba Yaliyo Chini ya Ardhi ya Nyumba Zetu



Somo letu la robo hii linahusu kitu ambacho wengi wetu tunakikanyaga kila siku bila kukiona. Ni mabomba yanayopita chini ya ua wa nyumba: lile linaloleta maji safi na lile linaloondoa maji machafu. Tumelichagua somo hili kwa sababu ya kosa tulilolifanya wenyewe, na tumeona ni vema tulieleze kabla halijarudiwa mahali pengine.

Nyumba moja katika eneo la Izimbya

Miaka michache iliyopita tulisimamia kazi ya kuingiza maji katika nyumba moja ya mtumishi katika eneo la Izimbya, Wilaya ya Bukoba. Nyumba ilikuwa ya zamani, ikiwa na choo cha ndani kilichojengwa miaka mingi nyuma na kilichokuwa kikitumiwa kwa maji ya ndoo. Fedha zilipatikana, vijana wa usharika walijitolea kuchimba mtaro, na kazi ilikwisha siku mbili kabla ya muda tuliopanga. Tulifurahi. Tulipiga picha ya mama mwenye nyumba akikinga maji bombani, tukaiweka kwenye taarifa yetu.

Baada ya miezi minane tulipita tena. Tulimkuta mama yule yule akipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, na bomba liko nyumbani kwake. Tulipomwuliza sababu, alitujibu kwa upole kwamba maji ya bomba hayanyweki. Maji yalikuwa yakitoka kwa zamu, siku moja ndiyo na siku mbili hapana, na kila yalipofunguliwa ndoo za kwanza zilinuka. Watoto walikuwa wameharisha mara kwa mara. Akaamua kuyatumia kwa kudekia tu, na ya kunywa akayafuata kwenye chemchemi kama zamani.

Tuliita fundi, tukachimba siku nzima pasipo kuona kitu. Kesho yake alifika mzee mmoja ambaye katika ujana wake alikuwa kibarua wa fundi aliyejenga choo kile. Fundi mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Mzee alitutazama kidogo, kisha akasema: "Waitu, hapo mnajichosha. Bomba la choo linapita chini ya mparachichi ule."

Tulitazamana. Bomba jipya la maji safi nalo lilipita pale pale. Ndipo tulipokumbuka kwamba vijana walichagua njia ile kwa kuwa udongo wake ulikuwa laini kuchimba. Ulikuwa laini kwa sababu ulikwisha kuchimbwa zamani. Tulikuwa tumelilaza bomba la maji safi ndani ya mtaro wa zamani wa maji ya choo. Mizizi ya mparachichi ilikuwa imelipasua bomba la zamani, na kiungio cha bomba letu jipya kilikuwa kinavuja hatua moja tu kutoka hapo. Hakuna aliyeuliza swali kabla ya kuchimba, na waliopaswa kuuliza ni sisi.

Mabomba mawili, kazi mbili

Ili tuelewe kilichotokea, tuanze na namna mabomba haya yanavyofanya kazi.

Bomba la maji safi hufanya kazi kwa msukumo. Katika vijiji vyetu vyenye vilima, miradi mingi ni ya mserereko: maji hukusanywa mahali pa juu, yakashuka yenyewe hadi kwenye nyumba. Kila mita 10 za kimo kati ya tangi na bomba lako huongeza msukumo wa takriban baa moja. Kwa kuwa maji yanasukumwa, bomba hili laweza kupanda na kushuka kufuata ardhi, na laweza kuwa jembamba. Nyumba nyingi hutumia bomba la nusu inchi au robo tatu.

Bomba la maji machafu halina msukumo. Linategemea mteremko tu. Kwa hiyo ni lazima liwe pana, kwa kawaida inchi nne kwa maji ya choo, na ni lazima literemke kwa kipimo kilicho sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kipimo kinachofaa ni kushuka sentimita 25 katika kila mita 10 za urefu. Mahali bomba linapolegea na kufanya tumbo, uchafu hutuama, na siku moja hukwama. Fundi asiye na kamba na pima maji hawezi kukadiria mteremko huu kwa macho, hata awe na uzoefu wa miaka ishirini.

Njia ya maji safi

Maji safi huingia kwenye kiwanja kutoka bomba kuu la mradi. Hupita kwenye dira ya maji, kisha koki kuu, kisha huingia ardhini na kuelekea nyumbani. Kwa desturi ya huduma zetu za maji, sehemu iliyo kabla ya dira ni ya mtoa huduma, na sehemu iliyo baada ya dira ni ya mwenye nyumba. Ikivuja, yeye ndiye anayelipa. Ikichafuka, watoto wake ndio wanaougua.

Bomba hili linapaswa kulazwa kwenye kina cha angalau sentimita 60. Mahali gari linapopita, au ndani ya kibanja ambamo jembe linafanya kazi kila msimu, tunashauri mita moja. Mabomba mengi tunayoitwa kuyatazama yamekatwa na jembe la mwenye nyumba mwenyewe alipokuwa akipanda mgomba au akifukia samadi. Chini ya bomba iwekwe mchanga au udongo laini usio na mawe, na udongo urudishwe kidogo kidogo huku ukishindiliwa.

Aina ya bomba nayo ina maana. Mabomba ya chuma ni imara lakini hula kutu, hasa kwenye udongo wenye unyevu mwingi. Bukoba mjini hunyesha karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ingawa mvua hupungua kadiri unavyotoka ziwani kwenda magharibi, ardhi yetu bado ni ya maji. Bomba jeusi la plastiki linalouzwa kwa rola hujipinda bila kuvunjika na huwa na viungio vichache. Jambo hili tuliliona umuhimu wake baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9 na kuua watu wasiopungua 17 mkoani kwetu. Wakati ule sote tulikagua kuta na mapaa. Wachache walikumbuka kwamba ardhi iliyotikisa kuta ilitikisa pia viungio vya mabomba vilivyo ndani yake.

Hatari iko pale maji yanapokatika

Wengi hudhani kwamba bomba likipasuka, maji hutoka tu, na hakuna kinachoweza kuingia. Hilo ni kweli maji yanapokuwa na msukumo. Maji yanapofungwa mambo hubadilika.

Tuchukue mfano wa kilima chenye nyumba tatu. Mtoa huduma akifunga maji, nyumba ya chini ikafungua koki, maji yaliyobaki katika bomba huteremka kuelekea huko. Yanapoteremka huvuta nyuma yake, kama mtoto avutavyo soda kwa mrija. Bomba la nyumba ya juu, kama lina ufa, litavuta chochote kilichouzunguka ufa huo. Kama ni udongo mkavu, litavuta hewa na vumbi. Kama ni tope lenye maji ya choo, litavuta maji ya choo. Maji yatakaporudi, yale yaliyoingia ndiyo yatakayotangulia kutoka.

Ndiyo maana mama wa Izimbya aliona ndoo za kwanza tu ndizo zinazonuka. Na ndiyo maana mahali penye maji ya mgao pana hatari kubwa kuliko mahali ambapo maji hayakatiki. Vijiji vyetu vingi vinaishi kwa mgao. Basi hatuna budi kuwa waangalifu kuliko wanaokaa miji yenye maji usiku na mchana.

Njia ya maji machafu

Vijijini kwetu hakuna mtandao wa majitaka wa umma. Kila nyumba yenye choo cha maji ina mtambo wake mdogo chini ya ardhi, nao una sehemu nne.

1. Bomba la inchi nne linalotoka chooni, pamoja na bomba la hewa linalopanda juu ya paa ili gesi zitoke bila kuingia ndani.

2. Chemba, yaani kishimo chenye mfuniko, kwenye kila kona na kila mahali mabomba mawili yanapokutana. Bila chemba, bomba likiziba utalazimika kubomoa.

3. Karo la majitaka. Humo uchafu mzito huzama chini, mafuta huelea juu, na maji hubaki katikati. Vijidudu visivyohitaji hewa huyeyusha sehemu ya tope. Karo jema lina vyumba viwili, cha kwanza kikiwa kikubwa, takriban theluthi mbili ya karo lote.

4. Shimo la kunyonya, ambalo hupokea maji kutoka karo na kuyaacha yazame ardhini polepole. Shimo hili liwe angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi, nalo liwe upande wa chini wa mteremko.

Karo hujaa tope. Kwa familia ya kawaida linahitaji kuchunguzwa kila mwaka na kunyonywa kila baada ya miaka michache. Ukisubiri hadi lifurike, tope litakuwa limekwisha kuingia kwenye shimo la kunyonya na kuziba vitundu vya udongo, na hapo utachimba shimo jipya. Vitambaa, taulo za kike, magunzi na mifuko ya plastiki visitupwe chooni kamwe.

Hapa tunaweka onyo kwa herufi zote: mtu asishuke ndani ya karo au shimo la majitaka, hata kama limeonekana tupu. Gesi zilizomo humwangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake.

Maji ya kufulia na kuoshea vyombo, yasiyo na kinyesi, yanaweza kupelekwa kwenye migomba. Wazee wetu waliilisha migomba taka za nyumbani kwa vizazi vingi, na vibanja vyetu ni ushahidi. Maji ya choo yaende kwenye karo, yasipelekwe shambani wala kwenye mtaro wa barabara.

Mabomba haya yasilale pamoja

Kanuni ni rahisi, na tunaomba kila kamati iiandike ukutani:

Mtaro wa maji safi na mtaro wa maji machafu viwe mbalimbali, mita 3 au zaidi kiwanja kinaporuhusu. Mahali ambapo ni lazima vivukane, bomba la maji safi lipite juu, na kati yake na la maji machafu pawe na sentimita 45 au zaidi. Pasiwe na kiungio chochote cha maji safi karibu na mahali pa kuvukana. Miti mikubwa kama mparachichi, mwembe na mkaratusi isipandwe juu ya mitaro hii, kwa kuwa mizizi hufuata unyevu na huingia hata kwenye ufa mwembamba kama uzi.

Kamati ya usharika iliyochimba

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya mafundi na wahandisi, na kwamba kamati ya usharika haina la kufanya. Tungependa kuwakumbusha habari moja ya kweli.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka katika eneo la Soho, jijini London. Watu zaidi ya 600 walikufa katika muda wa majuma machache. Daktari John Snow alionyesha kwamba wengi wa waliokufa walikuwa wamekunywa maji ya pampu iliyokuwa Broad Street, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu hiyo uliondolewa. Sehemu hii ya habari husimuliwa sana.

Kuna sehemu nyingine. Baraza la usharika wa mahali pale liliunda kamati ya kuchunguza. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo alikuwa mchungaji msaidizi, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakukubaliana kabisa na daktari. Lakini aliwajua watu wake, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza, na wengine aliwarudia mara nyingi. Mwishowe aligundua kwamba katika nyumba namba 40, karibu kabisa na pampu, mtoto mchanga aliharisha kabla ya wengine, na mama yake alikuwa akimwaga maji ya kufulia nepi katika shimo la maji machafu lililokuwa mbele ya nyumba. Mwaka 1855 ardhi ilichimbuliwa. Matofali ya shimo na ya mfereji wake yalikuwa yamelegea, uchafu ulikuwa ukipenya, na kutoka hapo hadi kisima cha pampu haikufika mita moja.

Mhandisi alihitajika ili kupima. Lakini aliyejua mlango wa kubisha na swali la kuuliza alikuwa mtumishi wa usharika. Kazi hiyo kamati zetu zinaiweza.

Maji yakiongezeka, maji machafu nayo huongezeka

Neno hili tunawaelekezea hasa marafiki wanaotusaidia kwa fedha, nasi tunalisema kwa shukrani.

Mkoa wetu umeona miradi mingi ya maji. Wengi wanakumbuka HESAWA, iliyoendeshwa kwa msaada wa Sweden katika mikoa ya Kagera, Mwanza na Mara kuanzia mwaka 1985 hadi 2002, pamoja na visima na vyoo vya shule vilivyotokana nayo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la kila kaya ya kijijini kupata maji ndani ya mita 400. Tangu Sheria ya mwaka 2019, huduma ya maji vijijini iko chini ya RUWASA pamoja na vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii. Leo familia nyingi zaidi zinataka maji yaingie ndani ya nyumba kabisa, na ni haki yao.

Lakini tufanye hesabu. Familia inayobeba ndoo 5 za lita 20 hutumia lita 100 kwa siku. Familia hiyo hiyo ikipata choo cha kuvuta kinachotumia lita 9, watu 6 wakikitumia mara 4 kila mmoja, choo peke yake kitatoa lita 216. Shimo lililotosha kwa maji ya ndoo halitatosha tena. Litafurika, na litafurikia karibu na lile bomba jipya tulilolileta kwa furaha.

Kwa sababu hiyo tumeamua kwamba kuanzia sasa maombi yote ya kuingiza maji katika nyumba za sharika, zahanati na shule yatakuwa na sehemu mbili: maji yanayoingia na maji yanayotoka. Gharama zitapanda, na nyumba tutakazozihudumia kwa mwaka zitapungua. Tunajua kwamba picha ya karo lililofukiwa haipendezi kama picha ya mama akikinga maji. Tunawaomba mtuvumilie katika hili, kwa kuwa mama tuliyempiga picha ndiye aliyerudi bondeni na ndoo.

Dalili za kuangalia

Mwenye nyumba anaweza kutambua tatizo kabla ya kuita fundi.

Funga koki zote za nyumba jioni. Andika namba za dira. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajatumia maji, zisome tena. Kama zimesogea, kuna mahali panavuja. Usidharau mvujo mdogo: unaojaza ndoo ya lita 20 kwa saa moja hupoteza lita 480 kwa siku, na kwa siku 30 ni lita 14,400, yaani zaidi ya uniti 14 za bili. Jaribio hili lifanyike siku ya maji, wakati bomba lina msukumo.

Tazama kibanja wakati wa kiangazi. Mgomba mmoja ukistawi na kuwa wa kijani wakati wenzake wamekunja majani, chimba karibu yake. Katika nyumba ile ya Izimbya palikuwa na mgomba uliotoa mkungu mkubwa ajabu, na familia ilikuwa imeushukuru.

Angalia pia maji yanayotoka na rangi au harufu baada ya mgao, choo kinachochelewa kushuka, sauti ya kugugumia kwenye sinki choo kinapovutwa, ardhi inayobonyea chini ya mguu, na inzi wanaokusanyika mahali pasipo na jalala.

Ukiona dalili yoyote katika hizi, chemsha maji yote ya kunywa hadi yatokote, na uache ndoo za kwanza baada ya mgao zipite bila kunywewa. Bomba likisharekebishwa, lisafishwe kwa kuacha maji yatiririke kabla ya kulitumia tena.

Tuchore ramani kabla wazee hawajaondoka

Hili ndilo jambo kuu la somo letu. Ilitupasa kumpata mzee mmoja mwenye kumbukumbu njema. Tungechelewa miaka michache, naye asingekuwepo, na tungeuchimbua ua wote.

Isaka alipovifukua visima vya baba yake Ibrahimu vilivyokuwa vimefukiwa, aliweza kufanya hivyo kwa sababu palikuwa na watu waliojua vilipo na majina yake. Nyumba nyingi za sharika zetu zilijengwa miaka hamsini au zaidi iliyopita. Waliochimba mitaro yake wanazeeka, na hakuna karatasi.

Ramani haihitaji mhandisi. Chukueni karatasi ya daftari na futi ya kamba, kisha fanyeni hivi:

1. Mwiteni fundi, kibarua au mzee aliyekuwepo wakati wa ujenzi. Mtembee naye uani, mkiweka mambo ya miti mahali anapoonyesha.

2. Choreni nyumba, kisha dira, koki kuu, chemba, karo na shimo la kunyonya.

3. Pimeni kila kimoja kutoka kona mbili za nyumba. Msipime kutoka kwenye mti, kwa kuwa mti hukatwa. Vipimo viwili kutoka kona mbili vitamwonyesha hata mgeni mahali penyewe.

4. Andikeni aina ya bomba, upana wake, kina chake na mwaka wa kulazwa kama unajulikana.

5. Tengenezeni nakala tatu: moja ibaki ndani ya nyumba, moja iwe katika ofisi ya usharika, na moja iletwe kwetu.

6. Kila mtaro mpya uchorwe kabla haujafukiwa, siku hiyo hiyo, na upigwe picha kwa simu.

Sisi tunajua kupanda mimea ya mpaka kati ya kibanja na kibanja, na mtoto hufundishwa mapema asiing'oe. Tunaweza kuweka alama za namna hiyo juu ya mabomba yetu: jiwe lililopakwa rangi ya bluu kwa maji safi, na jekundu kwa maji machafu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Nani katika usharika wetu anajua mabomba ya nyumba ya mchungaji, zahanati na shule yanapita wapi? Ana umri gani?

2. Koki kuu ya kila jengo iko wapi, na je, inafunga?

3. Karo letu lilifunguliwa na kukaguliwa lini kwa mara ya mwisho?

4. Je, kuna mahali maji safi na maji machafu yanalala pamoja? Tutajuaje?

5. Katika bajeti ya mwaka ujao tumetenga kiasi gani kwa maji yanayotoka?

Nyumba ya Izimbya sasa ina bomba lililohamishiwa upande wa juu, mita nne kutoka mtaro wa zamani. Bomba la choo limewekwa upya na chemba mbili, na mparachichi umekatwa kwa ridhaa ya wenyeji. Ramani imebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mzee aliyetuonyesha ndiye aliyesimama na kushika ncha ya futi tulipokuwa tukipima, na jina lake tumeliandika chini ya mchoro, ili wajukuu wajue ni nani aliyekumbuka.

Kamati itakayotuletea ramani za majengo yake kabla ya robo ijayo tutaitembelea tukiwa na pima maji, ili tupime nayo miteremko pamoja. Mungu awabariki na kuzilinda nyumba zenu, na vile vilivyo chini yake.